Kiongozi Alijibu "Baridi"

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa safarini kwenda Uchagani, akitokea Rabai karibu na Mombasa, alipoona kitu cheupe juu ya mlima uliokuwa mbele yake. Akamuuliza kiongozi wake kile ni nini. Kiongozi akamjibu kwa neno moja: baridi. Rebmann aliliandika neno hilo, kisha akalipita, maana kichwani mwake alikwisha kuamua kwamba kile ni theluji na haiwezi kuwa kitu kingine. Habari ya theluji karibu na mstari wa ikweta ndiyo iliyofika London na kuchapishwa mwaka 1849. Mabingwa wa jiografia waligombana juu yake kwa miaka mingi. Aliyepinga kwa sauti kubwa kuliko wote, William Desborough Cooley, hakuwahi kufika Afrika Mashariki, lakini alikuwa na hakika kwamba mwenzake aliyefika ameona vibaya.

Tulipoisoma sehemu hiyo darasani watu walicheka kidogo. Masikini kiongozi, hana jina la theluji. Mimi naona alijibu vizuri kuliko alivyoulizwa. Rebmann alitaka kujua kile kitu ni nini, na kiongozi akamwambia kitamfanya nini. Tangu siku ile nimekuwa nikiyasoma maandishi ya watu waliopanda milima yetu ya theluji bila maandalizi, kisha ikabidi wenzao wawateremshe, nikiwa na maneno hayo mawili mkononi. Karibu yote yameandikwa na watu wa theluji. Watu wa baridi, wale wanaotumwa usiku kwenda kumchukua aliyekwama, wamo ndani ya kurasa lakini hawakushika kalamu.

Mimi mwenyewe theluji sijawahi kuikanyaga. Nimezaliwa Mbozi Mission, mkoani Songwe, penye mashamba ya kahawa na kanisa la Moraviani lililoanza mwishoni mwa karne ya 19, na Juni na Julai tunakwenda shule tumejikunyata ndani ya majaketi ya mitumba yaliyonunuliwa Tunduma. Baridi tunaifahamu. Theluji tuliifahamu kwenye lebo ya chupa ya bia. Na kwa kuwa si mbali na kwetu, pale Ndolezi, kuna kimondo cha tani zipatazo 16 ambacho vitabu vinasema "kiligunduliwa" mwaka 1930, kana kwamba waliokuwa wakilima pembeni yake walikuwa vipofu, nina tabia ya kusoma vitabu vya safari polepole kidogo kila nikikutana na kitenzi hicho.

Hadithi ya kwanza ya watu wasiojiandaa katika mlima Kilimanjaro haina Mzungu ndani yake. Imo katika kitabu cha Krapf cha mwaka 1860, kilichokusanya habari zake na za Rebmann. Inasimuliwa kwamba Mangi Rungua wa Machame alituma kundi la watu wapande wakachunguze kile cheupe, huenda ni fedha. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu imeharibika asiweze kuitumia tena. Wengine wote baridi iliwamaliza. Ni mistari michache, na kwangu ni mistari mizito kuliko sura nzima nzima za waliofuata, kwa sababu inauliza jambo ambalo waliofuata wanalikwepa: nani alitaka kujua, na nani alipanda? Wale watu hawakuwa wazembe. Walikuwa na nguo za watu wa mgombani, na amri. Aliyekosa maandalizi ni Mangi, ila miguu iliyooza haikuwa yake.

Kuanzia hapo ukiona mtu ameitwa "asiyejiandaa", tafuta kwanza nani anasimulia.

Mfano ninaoupenda, na unaonikera, ni hadithi ya Ernest Hemingway iitwayo "The Snows of Kilimanjaro", ya mwaka 1936. Watu wengi wanaoitaja hawajaisoma. Wanadhani inahusu kupanda mlima. Hakuna anayepanda. Harry, mwandishi, amelala kwenye kitanda cha safari porini, mguu unaoza. Wiki mbili nyuma alichomwa na mwiba gotini, hakuupaka dawa mapema, jeraha likaingia uchafu. Gari lao limeharibika. Wanasubiri ndege ije kuwachukua. Kwa maneno mengine, hii ndiyo hadithi mashuhuri kuliko zote duniani ya mtu asiyejiandaa anayesubiri kuokolewa chini ya mlima wa theluji, na ndivyo ninavyoshauri isomwe.

Hemingway hamfichi Harry. Anamwonyesha akiwa mkali kwa mkewe, mvivu, mtu aliyeuza kipaji chake kwa starehe na anajua. Uzembe wa ile dawa umesemwa waziwazi. Lakini mke anapouliza wamekosa nini hadi yawapate haya, Harry anataja makosa yake ya mwiba na dawa, halafu anaongeza la gari: laiti wangeajiri fundi wa kweli badala ya yule dereva Mkikuyu asiyeiva, oili ingekaguliwa na gari lisingeungua. Dereva hana jina. Hajibu. Haonekani tena mahali popote. Katika hadithi iliyojaa kumbukumbu za Paris na vita na wanawake, mtu mmoja anayeweza kutuambia nini hasa kilitokea kwenye injini hakupewa hata sentensi moja ya kujitetea. Sijui mhakiki anayeuliza kama dereva alishawahi kumwambia bwana mkubwa kwamba oili imepungua. Mimi nauliza. Aliyewahi kuendesha gari la mtu anajua kwamba kusema hakuna maana ya kusikilizwa.

Halafu ndege inakuja, na ni ndoto. Rubani anampakia Harry, wanapaa, na badala ya kwenda hospitalini wanaelekea kwenye kilele cheupe kinachong'aa juani. Uandishi wa pale ni mzuri, sitakataa. Umeng'arishwa mno, hata msomaji anasahau kwamba Harry bado yuko chini, amekwisha kufa, na fisi analia nje ya hema. Theluji ya Hemingway haina baridi hata kidogo. Ni weupe tu, mahali pa kwendea ukishachoka na nafsi yako. Nadhani kizazi baada ya kizazi cha watu wamepanda ndege kuja Moshi wakiufuata weupe huo, na wengi wao hawajui hata kwamba waliupata kwake.

Hans Meyer alikuwa mtu wa aina nyingine. Yeye alijiandaa, na hakujiandaa mara moja. Mwaka 1887 barafu ilimrudisha kwa kukosa vifaa. Mwaka 1888 hakufika hata mlimani, maana alitekwa katika vita vya Abushiri na ikabidi alipiwe fedha aachiwe. Huo nao ni uokoaji, ingawa sijaona mtu akiuhesabu. Mwaka 1889 akarudi na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari kutoka Austria, na Oktoba wakafika kileleni. Siri ya safari hiyo, ukisoma kitabu chenyewe kwa makini, ilikuwa chakula: kutoka Marangu kwenda juu kuliwekwa kambi, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kupeleka mahitaji ili wale wawili wasilazimike kuteremka kila wakishindwa. Kambi ya juu alikaa nao mtu wa Pangani, Mwini Amani. Mtu wa pwani, wa mnazi na joto, amekaa zaidi ya mita 4,000 akiwasubiri mabwana warudi kutoka kwenye barafu. Meyer anamsifu. Lakini Mwini Amani aliwaza nini alipoachwa peke yake na upepo ule, hilo kitabu hakina, na siwezi kulibuni hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba neno "maandalizi" katika kitabu cha Meyer, ukilifungua ndani, utakuta miguu ya watu wengine.

Sasa niweke mezani kitabu kinachoiharibu hoja yangu kidogo, maana kipo. Januari 1943 Waitaliano watatu waliokuwa wafungwa wa vita katika kambi ya Waingereza huko Nanyuki walitoroka ili wakapande Mlima Kenya. Felice Benuzzi, mmoja wao, aliandika habari hizo, na kitabu kikatoka kwa Kiitaliano mwaka 1947. Hawakuwa na kitu. Nyundo walizifua zikawa za kuchimbia barafu, kamba zilikuwa za katani zilizotoka kwenye vitanda vya kambini, na moja ya picha za mlima walizoziegemea ilikuwa kwenye lebo ya kopo la nyama. Chakula walikiweka akiba kidogo kidogo kwa miezi. Mmoja aliugua njiani. Kilele cha Batian kiliwashinda, wakafika Lenana, wakasimika bendera ya kwao, kisha wakateremka wakiwa na njaa ya kuona giza, na wakarudi kambini kujisalimisha wenyewe.

Ukimpima Benuzzi kwa vifaa, hakuna aliyewahi kupanda milima yetu akiwa hajajiandaa kumzidi. Lakini hakuhitaji kuokolewa na mtu. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu aliijua baridi kabla ya kuiona theluji. Anaandika kama mtu aliyehesabu kila tonge, anayejua kwamba hakuna atakayetumwa kumfuata, na kwamba askari wakimkuta hawatamkuta kwa wema. Ndicho kitabu pekee cha mgeni juu ya milima hii ninachokisoma bila kumtafuta mtu aliyefichwa nyuma ya pazia, kwani mizigo walibeba wenyewe. Pamoja na hayo, mkuu wa kambi alipowapunguzia adhabu, kutoka siku 28 za kifungo cha upweke hadi 7, alifanya hivyo kwa kuheshimu uanamichezo wao. Mwafrika aliyetoroka kipande wakati ule akaenda kutembea mlimani kwa kujifurahisha, sidhani kama kuna mtu angemwita mwanamichezo.

Na sisi je? Isionekane nawaonea wageni. Katika maandishi yetu wenyewe Kilimanjaro ni kinara cha taa. Nyerere alizungumza mwaka 1959 juu ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima ule, na tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha pamoja na bendera. Kila mtoto wa shule anaijua picha hiyo. Ni picha nzuri na mimi nimekua nayo, ila hata ndani yake hakuna anayetetemeka. Mashairi na hotuba zilizofuata zikauangalia mlima kutoka chini, kwa mbali, kama Rebmann: mrefu, mweupe, wetu. Vijana wa Kitanzania siku hizi wanapanda kila Desemba kuadhimisha Uhuru, na hilo linanifurahisha, lakini baadhi yao wanapanda wakiwa wamevaa uzalendo zaidi ya soksi.

Kinachowaponza wengi, wageni na wenyeji, ni kwamba njia za kawaida za Kilimanjaro hazihitaji kamba wala ujuzi wa kukwea. Ni kutembea. Njia ya Marangu imepewa jina la utani Coca-Cola, na ya Machame wiski, na mtu anayekunywa vyote viwili nyumbani haoni sababu ya kuogopa. Kumbe kileleni, mita 5,895, kila pumzi inakupa kama nusu tu ya oksijeni unayopata ufukweni. Mwenye haraka, aliyelipia siku chache ili aokoe fedha, anaweza kuvimba ubongo au kujaa maji mapafuni huku amevaa jaketi la bei ya pikipiki. Dawa ya kwanza ni kushuka, mara moja, hata kama ni saa nane za usiku. Siku hizi helikopta zipo, lakini hazitui kila mahali wala katika kila hali ya hewa, na mgonjwa kwa kawaida anaanza safari yake ya kupona kwenye mikono ya watu, au kwenye machela yenye gurudumu moja inayosukumwa mteremkoni na vijana wanaokimbia pande zote mbili.

Mmoja wa vijana hao ni mtoto wa mjomba wangu. Alimaliza kidato cha nne hapa Mbozi, akaenda Moshi kumfuata rafiki, akabeba mizigo misimu mitatu. Nimemsikiliza mara nyingi akisimulia, na mwisho nikaanza kumsikiliza kama ninavyosoma kitabu, jambo ambalo si adabu sana kwa ndugu lakini ndiyo kazi niliyoichagua.

Hadithi yake haianzii kwenye kilele wala kwenye ndoto ya utotoni, kama zinavyoanza zile za wageni. Inaanzia kwenye mizani. Pale getini mzigo unapimwa, usizidi kilo 20, na hapo ndipo anapowatambulisha wahusika: nani ana mzigo unaopwaya, nani kamba yake itakatika, nani viatu vyake vimeazimwa. Wageni wanaingia baadaye, mmoja mmoja, kwa sauti zao kwanza. Usiku wa kilele, ambao kwenye vitabu unachukua kurasa ishirini, kwake ni sentensi moja: wao wanapanda, sisi tunabaki kambini tunalala. Kilele katika simulizi ya mpagazi ni mahali ambapo wengine wamekwenda.

Kisha kunatokea kuitwa. Usiku mmoja, kambi ya Barafu, waliamshwa wanne wakamteremshe mgeni aliyeshindwa. Alikuwa akitembea kama mlevi, anaongea maneno yasiyoshikana, anavua glavu na kuzitupa. Siku mbili mfululizo alikuwa akiwaambia waongozaji kwamba kichwa hakimuumi. Binamu yangu alipanda kumfuata akiwa na jaketi la mitumba lililonunuliwa Tunduma, ambalo zipu yake ilikuwa imekufa, amelifunga kwa kamba ya mzigo. Hapo nilimkatiza. Nilisema kwamba katika watu wote waliokuwa mlimani usiku ule yeye ndiye aliyekuwa hajajiandaa kuliko wote. Alinitazama kwa mshangao.

"Dada, mimi nilijiandaa. Nilijua ni baridi."

Nilimuuliza pia kama hakumkasirikia mtu yule kwa kudanganya juu ya kichwa chake. Akasema mgeni hajui, ndiyo maana sisi tupo. Neno lake ni hilo siku zote, mgeni. Hasemi mtalii, hasemi mteja. Nimelifikiria sana neno hilo, na sijakubaliana nalo moja kwa moja. Ndani yake kuna heshima kubwa: aliyekuja kwako hawezi kuachwa afe mlangoni. Wahenga wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Ila mlimani usemi umegeuka, mgeni ndiye anayekuja kuponywa, na mwenyeji anarudi na vidole vilivyokufa ganzi wiki nzima. Wahenga haohao walisema siku ya tatu mpe jembe, nao hawakujua kwamba ingefika zamani siku ya tatu mwenyeji ndiye abebe na mfuko mdogo wa mgeni wa mgongoni, kwa sababu unamchosha. Nikimwita yule mtu "mgeni", usiku ule unakuwa ukarimu. Nikimwita "mteja", unakuwa kazi ya hatari iliyofanywa na mtu ambaye malipo yake yalihesabiwa kwa siku za kubeba mizigo, na hakuna aliyekuja kumweleza saa zile za usiku zinahesabiwaje. Ndugu yangu anachagua neno la kwanza. Ni haki yake. Mhakiki analazimika kulisikia na la pili.

Walimteremsha hadi kwenye miti. Anasema kadiri walivyoshuka ndivyo mtu alivyokuwa akirudi, kama taa ya chemli inayoongezwa utambi. Alianza kutambua mikono yake. Akaomba maji. Karibu na Mweka akamuuliza binamu yangu jina lake, akaambiwa, na baada ya hatua chache akauliza tena. Inawezekana yule mgeni ameandika habari zake mahali, watu wa namna yake huandika. Nikiikuta nitaisoma, na nitatafuta kama jina lile limo, na kama limo limeandikwaje.

Binamu sasa anaendesha bodaboda Vwawa. Hajawahi kuandika hata ukurasa mmoja, na nilipomwomba tuandike pamoja alisema hadithi yenyewe fupi. Siku ya kuagana mgeni alimwachia jaketi lake, zito, la rangi ya chungwa, na ndani ya kola bado limeandikwa jina la mwenyewe kwa wino usiofutika. Julai hii analivaa shangazi, alfajiri, akienda kuchuma kahawa.